Tulivyokwenda Mkange Kumposea Feruzi

Jamaa zangu wa barazani, tangu nirudi hamniachi ninywe kahawa yangu ikiwa moto. Huyu, "Athumani, ilikuwaje?" Yule, "Athumani, ni kweli mliukimbiza mji mzima?" Nimechoka kuitoa habari hii vipande vipande, mmoja nimpe kichwa na mwingine nimpe mkia. Leo naiweka yote pamoja, na atakayenikatiza ataninunulia kahawa nyingine.

Habari ya kutafuta nguo za posa na kufunga mizigo siisemi, mliiona wenyewe. Nasema tu kilichotutoa hapa Bagamoyo, maana baadhi yenu mlikitamka kwa vinywa vyenu. Mlisema Feruzi hawezi kuoa mtoto wa watu kwa kuwa hana kwao. Ni kweli alichukuliwa bara akiwa mdogo mno, jina la baba halijui, na Unguja alilelewa katika nyumba ya watu wengine. Basi Chausiku alipokuja kutoka Mkange kukaa na shangazi yake, mlango kwa mlango na karakana ya useremala ya Feruzi, na wawili wale wakapendana, shangazi alimwambia wazi, "Mwanangu, mimi sina neno nawe. Lakini kwetu posa huletwa na ukoo. Bibi yake atauliza ukoo wako, na asipouona hatoi mtu. Mavuno yakiisha Chausiku anarudi kwao, na huko yuko mwingine anayemngoja."

Feruzi aliweka randa chini. "Basi, yamekwisha," akasema.

"Yamekwishaje na sisi tupo?" Hamadi akamjibu kwa hasira, maana Hamadi hata akikupenda hukupenda kwa hasira.

Sisi ni mimi, Hamadi na Songoro. Pamoja na Feruzi tulikuwa askari wa Sayyid kule Unguja, safu moja na chungu kimoja. Mnaonijua leo kwa makelele yangu hamtaamini, lakini kabla ya uaskari nilikuwa mtu wa kujificha nyuma ya mlango wageni wakija. Nikiulizwa jina langu, mama ndiye aliyejibu. Mwalimu wetu wa gwaride, mzungu mwekundu mwenye masharubu, akaniteua mimi niwe wa kuita hatua. Sijui aliona nini. Siku ya kwanza sauti ilitoka kama ya kifaranga, safu nzima ikacheka. Siku ya pili vilevile. Baadaye ikatoka, na tangu hapo haijarudi ndani. Nimejiuliza sana ilitoka wapi. Nadhani mtu akisimama bega kwa bega na wenzake kila asubuhi, hofu hukosa mahali pa kukaa.

Ndiyo sababu nilichaguliwa mimi kuwa mshenga. Feruzi alibaki, kwa kuwa mposaji haendi kujiposea mwenyewe, na tena mguu wake ni mbovu. Gurudumu la mzinga wa saluti lilimpanda mguu wa kushoto tukiwa bado askari. Mwenyewe husema si kitu, na hujisifu kwamba hata yule mwalimu mkali hakuwahi kuuona ule ulemavu, akamwacha safuni mpaka tulipoachishwa sote.

Kivuko cha Kingani

Tulitoka asubuhi, tukachelewa kabla hata hatujaanza. Mvushaji alikuwa ng'ambo ya pili ya mto anakula, na mtu anayekula hapigiwi kelele. Alimaliza, akanawa, akalala kidogo. Hamadi akawa anazunguka pale ukingoni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mimi sikujali, nilipata nafasi ya kuwauliza watu wote waliokuwa wakingoja wanakwenda wapi na wamebeba nini.

Mvushaji alipokuja tukaona ana mchezo wake. Huwatambua watu kwa mwendo, wangali mbali, kabla hajaziona sura zao.

"Yule anayekuja ni wa Kaole," alituambia tukiwa katikati ya maji, akionyesha kwa kidevu nyuma tulikotoka. "Ukoo wao wote hutupa magoti nje. Babu yake alikuwa hivyo hivyo."

"Na sisi?" nikamuuliza, maana swali kama hilo siwezi kuliacha lipite.

"Nyinyi ni ndugu, baba mmoja mama mmoja."

Tukacheka. Mtazameni Songoro alivyo mrefu na mweusi, mtazameni Hamadi alivyo mfupi na mwekundu, kisha mniambie ni mama gani huyo! Nikamwambia hapana, ni marafiki tu.

"Haya," akasema, kwa sauti ya mtu anayemwachia mwongo uongo wake. Nilimuuliza amejuaje, lakini kiboko alikuwa ameinua kichwa karibu yetu na mvushaji hakuwa na nafasi ya maneno yangu.

Winde, kwa mama wa mabumunda

Winde watu wote wana chumvi miguuni, kwa kuwa wengi wao kazi yao ni kupika chumvi. Mvua ilitukuta tukaingia uani kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza mabumunda matamu ya moto. Songoro alipoyaona aliacha hata kusalimia, ikabidi nisalimie mimi kwa niaba ya wote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni mvua ipite. Ni yupi kati yenu aliyeumia mguu?"

"Hakuna, mama."

"Nimewaona mkija. Askari msione haya, mguu ni mguu."

Alijuaje kuwa tulikuwa askari? Sikuwahi kuuliza, kwa maana Songoro aliona mama anainuka kwenda ndani kuleta dawa, na pembeni ya kapu la dawa lilikuwapo sinia la mabumunda ambayo hayakuwa ya kuuza. "Ni mimi, mama," akasema, na uso wa huruma kabisa.

Masalale! Mama alimkalisha, akamkanda mguu kwa mafuta ya simsim hadi akapiga ukelele, akaufunga majani ya mbarika kuanzia vidoleni mpaka gotini. Mabumunda alipewa, tena mengi, ila alikatazwa kuyafungua yale majani mpaka avuke Wami. Na mama alisimama mlangoni kumtazama anavyokwenda. Songoro akatembea njia nzima mguu umeviringishwa kama msokoto wa tumbaku, Hamadi nyuma yake akimwambia, "Pole, mgonjwa. Nikubebe?"

Mimi nilicheka, lakini lile jambo likaanza kuniwasha. Mvushaji anasema ndugu, mama anasema mgonjwa. Wameona nini? Niliwaambia wenzangu wapite mmoja mmoja niwatazame. Hamadi akapita, mguu sawa. Songoro akapita na majani yake, hatukuweza kujua kitu. Hamadi akaniambia nikiendelea na upuuzi huo tutafika Mkange harusi ya mwingine imekwisha.

Mto Wami

Hapa tulikaa zaidi ya tulivyotaka. Mtumbwi ulikuwapo lakini mama kiboko na mtoto wake walikuwa wamelala palepale pa kuvukia, na mwenye mtumbwi alisema yeye hawezi kumwamsha mzazi. Tukala mihogo ya kuchoma na ng'onda, samaki wa kukausha, tukangoja viboko waamue shauri lao mpaka kesho yake.

Pale ndipo tulipokata fimbo. Bunduki tuliziacha nyumbani makusudi. Shangazi yake Chausiku alikuwa ametuonya: watu wa bara wameteswa na watu wenye bunduki, wengine wametekwa mashambani mchana kweupe. "Mkifika," alisema, "kaeni chini pale njia inapoingia mjini, mzigo wa posa uwe mbele yenu, mngoje watu waje wawachukue. Msiingie wenyewe." Tuliyashika maneno hayo vizuri kabisa. Fimbo zilikuwa za nyoka tu.

Mkange

Kutoka Wami jua lilikuwa kali na njia ni mchanga wa kuzamisha kisigino. Songoro, aliyekwisha kuyatupa majani yake mtoni, akaanza kuburuta miguu. Nikaona nimchangamshe. Nikaanza kuita hatua kama zamani. Wallahi, uchovu uliondoka! Vifua vikatoka mbele, visigino vikapiga ardhi kwa pamoja, na fimbo, sijui nani alianza, zikapanda mabegani. Nikaita kwa sauti yote niliyopewa na jeshi la Sayyid. Tulipanda kilima kilichokuwa mbele yetu tukiwa wenye furaha kuliko siku yoyote ya safari.

Ng'ambo ya kilima ndiko kulikokuwa na Mkange.

Fikirini wenyewe walichokiona. Wanaume watatu wa pwani, safu moja, vitu virefu mabegani, na mmoja anapiga makelele ya amri. Tulisikia ukelele mmoja wa mwanamke, halafu kishindo cha miguu, halafu kimya. Tulipofika pale njia inapoingia tukakaa chini kama tulivyoagizwa, mzigo mbele yetu, adabu tele. Hakuna aliyekuja. Kuku walikuwa wanatembea. Moshi ulikuwa unapanda jikoni. Mtama ulikuwa umeanikwa kwenye majamvi na kinu kimeachwa na mchi ndani yake.

"Wamekwenda msibani?" Songoro akauliza.

Hamadi alinitazama mimi, akaitazama fimbo yake iliyokuwa bado begani, akaiteremsha polepole. "Athumani," akasema, "tumewakimbiza."

Nikamwona Feruzi pale karakanani anatungoja, na mimi mshenga wake hodari nimewatorosha wakwe kabla ya kuwaamkia. Tukiondoka watasema walikuwa watekaji, wameogopa. Tukiingia msituni kuwaita watakimbia mpaka Pangani. Sikujua la kufanya, nami ni mtu ambaye siku hizi hujua la kufanya.

Ndipo sauti ikatoka katika nyumba ya mwisho, nyuma ya mlango uliofungwa.

"Nyie! Kunde zinaungua!"

Tulishtuka sote. "Shikamoo, bibi," nikasema, nikiuelekea ule mlango.

"Shikamoo yako iweke. Ipua chungu kwanza."

Nikaipua. Nisingeipua? Nimepewa amri nyingi maishani mwangu, na ile ilikuwa amri.

"Mrefu wewe! Mbuzi yule anakula mtama na wewe unamtazama tu, ni shemeji yako?"

Songoro akamkimbiza mbuzi. Hamadi akaamriwa afukuze kuku. Kisha, "Wingu lile hamlioni? Mnataka mtama uote?" Tukakamata majamvi, mmoja huku na wawili kule, tukayaingiza chini ya upenu, moja baada ya jingine. Ndani ya nyumba ya mtu hatukutia hata kidole. Mtama wa kinuni ulikuwa haujaisha kutwangwa, na bibi akasema aliyeukimbia amemkimbia yeye pia, kwa hiyo mrefu autwange. Songoro, askari wa Sayyid, akatwanga. Nami nawaambia, alikaa karibu na kile chungu cha kunde adhuhuri yote, njaa inamtoa macho, na hakuonja hata punje. Siku hiyo niliamini kweli jeshi lilimfundisha kitu.

Miguu ya bibi ilikuwa imekufa zamani, ndiyo maana hakukimbia. Walimfungia mlango wakimwombea Mungu. Jina lake Bibi Sikudhani, na ndiye bibi wa Chausiku mwenyewe, yule yule tuliyetumwa kwake.

Posa

Mvua ilipokatika wakaanza kurudi mmoja mmoja, wakichungulia. Wa mbele alikuwa Mgaza, mjomba wa Chausiku, mshale ukiwa tayari kwenye upinde. Akaona mtama uko upenuni, mbuzi kamba shingoni, unga kwenye ungo, na mtu mrefu anapepeta vibaya.

"Nani amewaruhusu kugusa vitu vya watu?"

"Mimi," sauti ikatoka mlangoni. "Nilikuwa sina mtu, nikachukua hawa. Fungua mlango, nimechoka na giza."

Wakamtoa, wakamkalisha kwenye mkeka. Kijimama kidogo, macho makali. Tukapewa maji, baadaye kunde zile zile, na ugali wa mtama tulioutwanga wenyewe. Kisha nikafungua mzigo, nikaweka kilemba cha mjomba na mkaja wa bibi, ile nguo yake ya heshima, nikasimama kusema.

Nilisema vizuri, siwafichi. Nilieleza useremala wa Feruzi, upole wake, swala zake, jinsi Chausiku na yeye wanavyotakana. Mgaza alinisikiliza mpaka mwisho, akakisogeza kile kilemba kuelekea kwangu.

"Maneno yako ni mazuri. Ukoo wake ni upi?"

"Ni sisi," nikasema.

"Nyinyi ni rafiki zake. Leo mpo, kesho mmegombana, kila mtu kashika njia yake. Mtoto wetu akifiwa au akipigwa tumwendee nani? Uaskari si ukoo. Chukueni vitu vyenu, na asanteni kwa mtama."

Ile sauti yangu yote, iliyoufukuza mji mzima asubuhi, ilikuwa imekwenda. Nikawa tena yule wa nyuma ya mlango, na nilitamani mama yangu ajibu. Hamadi akaanza kukusanya nguo.

"Kiwete wenu yuko wapi?" Bibi Sikudhani akauliza.

Hamadi akaacha kukusanya.

"Ufa wa mlango wangu ni mpana. Nimewatazama tangu mlipoingia, sikuwa na kingine cha kutazama. Mmoja akienda peke yake anakwenda sawa. Mkibeba jamvi pamoja, wote watatu mnafupisha mguu wa kushoto. Watu hawazaliwi hivyo." Akanionyesha kidole. "Mnamngoja mtu. Mnamngoja nani?"

Jamani, nilikaa chini bila kuambiwa. Mvushaji, na mama wa Winde, na sasa huyu! Hapo ndipo nilipomweleza jambo ambalo hata Feruzi tulikuwa hatujapata kumwambia.

Gurudumu lilipomwumiza, ilijulikana kwamba askari anayeharibu safu anaondolewa, na Feruzi akiondolewa hana pa kwenda. Siku ya kwanza ya kurudi kwake gwarideni mimi ndiye niliyeita hatua. Nikaiita ya kushoto haraka kidogo. Hamadi akanielewa, Songoro akanielewa, safu nzima ikaelewa. Wote tukafupisha. Mwalimu akapita mbele yetu, akatutazama sana, hakuona kiwete, maana wote tulikuwa mmoja. Tukafanya hivyo kila asubuhi mpaka tulipoachishwa. Tukahamia Bagamoyo, tukawa tunatembea naye kwenda sokoni, msikitini, pwani. Tulidhani tumeacha. Kumbe miguu haikuacha.

Bibi akakivuta kile kilemba, akakirudisha miguuni pa Mgaza.

"Mleteni nimwone," akasema.

Njia ileile, watu wanne

Tulirudi Bagamoyo tukamchukua. Tulimwambia tu kwamba bibi anataka kumwona, tukamfundisha hotuba ndefu ya kujibu swali la ukoo. Njia nzima aliirudia kwa sauti ya chini, jasho linamtoka.

Safuni alikuwa daima wa kwanza mkono wa kushoto, na mjini tunatembea naye ubavu kwa ubavu, kwa hiyo hakupata kuitazama miguu yetu kwa nyuma. Safari hii njia ni nyembamba na bwana harusi hatangulii, kwa hiyo alikuwa nyuma yetu. Tulikuwa tumepita Winde kidogo aliponyamaza.

"Simameni," akasema. Tukasimama. "Hebu tembeeni tena."

Tukatembea. Tulipogeuka alikuwa amekaa mchangani.

"Tangu lini?"

Hamadi ndiye aliyejibu, akitazama pembeni. "Tangu gurudumu."

"Na mimi miaka yote nawaambia watu mguu wangu hauonekani!"

"Hauonekani," Hamadi akasema. "Ukiwa nasi hauonekani."

Feruzi alilia, na mimi nililia, na Songoro alilia huku anatafuna. Hamadi alitutukana sote, akasema viboko wa Wami hawamngoji mtu.

Mkange walituona kutoka mbali, na safari hii hakuna aliyekimbia. Bibi Sikudhani alikuwa nje kwenye mkeka wake, Mgaza kando yake, na Chausiku, aliyekuwa amekwisha kurudi kwao, mlangoni ameshika mwimo. Tulikuja sote wanne pamoja. Sikuita hatua, haikuhitajika. Bibi hakututazama nyuso, alitazama chini tu, mpaka tulipofika.

"Wewe," akamwambia Feruzi, "ukoo wako ni upi?"

Hotuba yote ilimpotea, nikaona inavyompotea. Akatutazama, akameza mate.

"Watazame miguu, bibi," akasema.

"Nimekwisha kuitazama," akajibu, akamgeukia Mgaza. "Funga kilemba chako."

Basi Chausiku amekuja, mmemwona, na mnakula maandazi yake kila asubuhi. Kuweni na haya. Asisikike tena mtu hapa barazani akisema Feruzi hana kwao.